Nilimnyamazisha Mfiwa Siku ya Kununua Punda

Tangu wiki iliyopita, nilipoanza kusimulia kisa hiki gazetini, simu yangu haijapumzika. Mmoja kaniandikia kutoka Newala, "Mzee Isihaka, wewe ni mwanaume au gogo?" Mwingine kanishushia matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Sikumjibu hata mmoja. Nimestahili, na bado hamjasikia.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni mkulima wa ufuta na korosho, mtu wa Mandawa, wilaya ya Ruangwa. Mke wangu Zaina alibeba mimba tatu, na zote tatu tulizika. Ya nne ilipofikisha miezi mitano, nesi Winfrida wa zahanati alituita pembeni. Akanitazama mimi, siyo Zaina.

"Huyu akibeba tena ndoo kichwani," akasema, "usiniletee hapa kuja kulia."

Basi nikachota maji mimi. Siku nne tu! Kisima chetu kiko bondeni, njia ni mchanga na mawe, baiskeli haipandi. Kina mama pale kisimani waliponiona nimejitwisha ndoo, shingo imezama mabegani, wakaanza. "Jamani, Zaina kamlisha nini huyu?" Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Siku ya tano nikaanza kutafuta punda.

Watu niliwaambia namhurumia mke wangu. Kumhurumia nilimhurumia, Mungu anajua. Lakini kilichonitoa nyumbani ni aibu. Leo nasema wazi, maana nimechoka kusifiwa kwa jambo lile.

Sasa, sisi Wamwera na punda wapi na wapi? Kwetu punda unamwona kwenye kitabu cha shule. Kijijini aliyekuwa anamjua ni mmoja, Mama Agape, mke wa mwalimu mkuu. Yeye ni mzaliwa wa Singida, kakua anachunga punda wa baba yake. Nikamfuata.

"Nimesikia kuna mmoja anauzwa Kiegei, huko Nachingwea," nikamwambia. "Mdogo, bado anakua."

"Mdogo kiasi gani?"

"Mdogo tu, Mama Agape."

"Mdogo tu!" Akacheka. "Haya, jirani, lete karatasi na kalamu. Ukienda hivihivi watakuuzia hata mbwa."

Nikaandika anavyosema.

"Uliza umri wake, halafu usiamini mdomo wa mtu, mfungue punda mwenyewe mdomo. Kama meno ya mbele bado ni ya utotoni, mzigo mzito usimpe. Uliza ameachishwa lini ziwa na alikuwa anakaa na nani, maana punda hapendi upweke. Mwinue miguu yote minne uone kama anakubali. Uliza kama amechomwa sindano, huku kwenu mbung'o ni wengi. Mwambie mwenye mali amfunge mzigo mbele ya macho yako, tena mzigo uleule utakaombebesha wewe. Uliza kwa nini wanamuuza."

Mkono ulikuwa unaniuma. Mara ya mwisho kuandika kirefu hivyo nilikuwa darasa la saba.

"Na la mwisho, hili usilisahau hata ukisahau yote. Uliza anaogopa nini."

"Punda anaogopa?"

"Kila punda ana kitu chake. Wa baba yangu alikuwa anaogopa mwavuli. Ukishajua, unaishi naye vizuri miaka ishirini. Usipojua..." Akakunja midomo. "Wewe uliza tu."

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa shati. Ilikuwa juu ya moyo kabisa.

*

Kiegei nilifika saa nne asubuhi. Nikaelekezwa nyumba ya Mwalimu Gregori. Nikapiga hodi kwa sauti ya furaha, ya mtu aliyekuja kununua.

Ndani ya ua palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka kakaa mwanamke kajifunga kitambaa cheusi. Nikaishusha sauti.

Mwalimu Gregori alikuwa amefariki. Walikuwa wameshamsafirisha na kumzika kwao Songea, na sasa mjane wake, Felomena, alikuwa amerudi na shemeji yake kufungasha vyombo. Huyo shemeji, Fidel, ndiye alinipokea. Kijana wa Dar, suruali imembana, simu mkononi.

"Karibu mzee. Mnyama yuko fresh, yuko huku nyuma."

Nikamwambia ngoja kwanza. Nikavua viatu, nikaenda kumpa pole mfiwa. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mfiwa unampa mkono, unakaa naye kidogo, na humwulizi habari za biashara. Nikakaa.

"Poleni sana, mama. Mwalimu alikuwa anaumwa?"

Mjane akavuta pumzi ajibu. Fidel akamwahi.

"Ajali, mzee. Ajali tu."

Nikatikisa kichwa. Pikipiki, nikajisemea. Siku hizi huku kwetu ukisikia ajali, nani anauliza zaidi?

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Hapo nikamwona. Jike, rangi ya majivu, mstari mweusi mgongoni, macho makubwa yenye kope kama za binti. Akanisogelea mwenyewe, akaweka pua kwenye mkono wangu, akahema. Pua ilikuwa laini, ya joto.

Ndugu msomaji, mimi nilinunua punda pale pale. Yaliyofuata yalikuwa maneno tu.

Nilijitahidi lakini. Nikamfungua mdomo. Nikaona meno: ya mbele meno, ya nyuma meno. Nikaguna kama bwana mifugo. Kisha, kwa vile ninachokijua mimi ni mbuzi, nikamminya kiunoni nione ana nyama kiasi gani. Vijana waliokuwa wanapakia magodoro wakaangua kicheko.

"Mzee, huyo haliwi huyo!"

Uso ukaniwaka moto. Nilikuwa nimeshaitoa karatasi ya Mama Agape, nikairudisha mfukoni. Niliona nikianza kusoma maswali mbele ya vijana wale, jina langu litabaki Kiegei.

"Ana umri gani?" nikauliza, la kwanza lililonijia.

"Miaka miwili na ushee."

"Anabeba?"

"Huyu? Hii ni Fuso, mzee. Tofauti yake haina pancha."

"Mfunge madumu nimwone."

"Madumu tumeshagawa. Si unaona nyumba inahamwa?"

Nyuma ya jiko palikuwa na madumu mawili ya njano. Niliyaona kwa macho yangu. Fidel naye aliona kwamba nimeyaona. Sikusema kitu, kwa sababu punda alikuwa bado kaniwekea pua mkononi.

Tulipoelewana bei nikamtumia Fidel pesa kwa simu, nikarudi kwenye mkeka kumuaga mjane. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Baba," akasema, "huyo punda, ngoja nikwambie..."

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Nilimkatiza. Nikamwinamia, nikatoa sauti ya upole kuliko zote nilizonazo. "Mama, usijitoneshe. Umelia vya kutosha. Mwachie Mungu."

Wote waliokuwa pale waliona mtu mwenye adabu zake. Mzee mmoja akaitikia, "Kweli kabisa." Lakini moyoni mwangu haikuwa adabu. Niliogopa! Niliogopa atasema kumbe hamuuzi tena, ni kumbukumbu ya mume wake, na mimi nirudi Mandawa kujitwisha ndoo. Nikautumia msiba wake kumziba mdomo.

Felomena akauachia mkono wangu. Akatazama chini.

Alinisindikiza hadi barabarani, na njia nzima hakumgusa yule punda hata kwa kidole. Nikadhani ni uchungu.

*

Kuja nyumbani nilitembea siku mbili. Kamba ya katani niliizungusha mkononi mara mbili, kama tunavyofanya wote na mbuzi tangu wadogo, asikuponyoke ukamkimbiza shamba la watu. Hakunisumbua hata kidogo. Nikisimama anasimama, nikikohoa ananitazama.

Zaina alikuwa anapepeta mahindi. Akauacha ungo ukaanguka.

"Isihaka! Wa nani huyu?"

"Wako."

"Wangu mimi?"

"Kwani hapa mjamzito nani?"

Akaja polepole, mkono mmoja tumboni. Punda akamnusa tumbo. Zaina akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia shingo. Aliingia ndani akatoka na ngata yake, ile ya kuwekea ndoo kichwani, akairusha juu ya paa. Ngata ya miaka kumi na mbili.

"Jina lake Nafuu," akasema.

Na kina mama wa kisimani, walewale wa kucheka, wakaanza kumtania: "Mama Nafuu, hujambo? Mama Nafuu, mtoto kaamkaje?" Mnajua kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Wenziwe wote ni mama fulani. Yeye miaka yote hiyo alikuwa Zaina, Zaina tu, Zaina wa Isihaka. Nilidhani utani ule utamuumiza. Siku moja nikamkuta amejifungia chumbani anajiita mwenyewe, taratibu, kama anapima nguo: "Mama Nafuu." Nikarudi nyuma bila kukohoa.

Siku kumi nilikwenda naye kisimani mimi mwenyewe. Madumu mawili niliyashona ndani ya magunia yenye majani makavu, yasimchubue mgongo. Punda akishuka bila neno, akipanda bila neno. Hata waliokuwa wananicheka wakaanza kuniuliza nimempata wapi.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Saadi, fundi seremala wetu, akaleta matandiko ya mbao niliyomwagiza, yenye kulabu nne. Sasa Nafuu angebeba madumu manne, yananing'inia wazi, hakuna tena habari za magunia. Tukamfunga. Tukatundika madumu matupu. Lilipogonga moja lingine, ko, masikio ya Nafuu yakalala nyuma, na ngozi ya shingo ikamtetemeka.

"Ana nini?" Saadi akauliza.

"Anazoea," nikasema. Mimi huyo huyo niliyekuwa sijui meno.

Barabarani honi ikalia. Sadiki, mtoto wa kaka yangu, kaja na pikipiki kunichukua. Timu ya kata yetu ilikuwa inacheza na vijana wa machimboni Namungo, na Mandawa nzima ilikuwa inahamia huko.

"Mzee, mpira saa kumi! Tutakosa pa kukaa."

"Maji je?" nikamuuliza Zaina.

"Nenda, nitakwenda naye mimi. Sibebi kitu, si ndiyo kazi yake huyu?"

Nilimwahidi nesi, nilimwahidi Zaina, niliahidi mbele ya kaburi la yule mtoto wa tatu, kwamba bondeni kule hatakwenda tena mpaka ajifungue. Nikatazama pikipiki. Nikatazama saa.

"Haya," nikasema. "Ila kamba usiishike kizembe. Izungushe mkononi mara mbili." Nikamzungushia mwenyewe, nikakaza. "Hivi. Kama mbuzi."

"Kwani mimi sijafuga mbuzi?" akanijibu, akanisukuma begani. "Nenda zako, mpira wenyewe mtafungwa."

Alikuwa anacheka. Nimewaambia mengi ya aibu leo, lakini hilo niachieni: alikuwa anacheka.

*

Tulikuwa tumefungwa moja na mapumziko yalikuwa yameanza, simu ikaita. Namba ngeni. Nikatoka pembeni, kidole sikioni.

"Haloo. Ni yule baba aliyechukua punda Kiegei?"

"Ndiye. Naongea na nani?"

"Felomena. Mke wa marehemu Mwalimu Gregori. Shemeji alininyima namba yako, nimeipata leo kwenye simu yake, kwenye ujumbe wa malipo. Punda hajambo?"

"Hajambo kabisa, mama. Mnyama mtulivu sana."

"Mtulivu, eeh. Siku ile nilitaka kukwambia jambo, baba. Ukanizuia."

Niliona watu wanaruka na ngoma uwanjani, lakini ngoma yenyewe sikuisikia tena.

"Sema, mama."

"Anaogopa madumu matupu. Yakigongana akayasikia, akili inamtoka, anakimbia kama ana nyuki mwilini. Yenye maji hayamsumbui, ni matupu. Usiyatundike wazi. Yafunge magunia, au yatie maji kidogo. Na kamba ishike hivihivi tu kiganjani, akivuta uiachie aende, atarudi mwenyewe. Usijizungushie mkononi."

Nikautazama mkono wangu, uliomkazia Zaina kamba.

"Gregori alijizungushia," akasema. "Sisi si watu wa punda, baba. Tulidhani ndivyo wanavyoshikwa. Punda alimburuta hadi barabara kubwa."

"Si ilikuwa pikipiki?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Nani alikwambia pikipiki?"

Hakuna. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe kwenye mkeka wake, viatu nimevua, kwa adabu zangu zote.

"Ni hilo tu nililotaka kukwambia," Felomena akasema. "Roho ilikuwa inanisuta. Msalimie mama wa nyumbani."

Nikakata simu bila kuaga. Nikampigia Zaina. Inaita, inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi. Nikapiga ya tatu, huku ninamtafuta Sadiki katikati ya watu, ninasukuma wanawake na watoto, ninaitwa mwehu.

"Washa pikipiki!"

"Mzee, kipindi cha pili ndiyo kwanza..."

"Sadiki, washa!"

Njiani nilikuwa nimeishika simu sikioni, inaita. Karatasi ya Mama Agape ilikuwa bado mfukoni mwa lile shati, imelowa jasho, na mpaka leo ninayo.

Tulipokata kona ya mwisho, kabla ya nyumba, Sadiki akafunga breki.

Nafuu alikuwa amesimama katikati ya njia, peke yake. Jasho linamtiririka, miguu inamtetemeka. Matandiko ya Saadi yamempinda ubavuni, dumu moja limebaki, matatu hayapo. Kamba inaburuzika nyuma yake kwenye mchanga.

Nikashuka. Nikaifuata ile kamba kwa macho, taratibu, kwa sababu sikutaka kufika mwisho wake.

Mwishoni kabisa, ile mizunguko miwili niliyomkazia mimi mchana ilikuwa bado imejikunja, kwa ukubwa uleule wa mkono wa Zaina. Katani ni ngumu, hailegei upesi. Mkono haukuwemo.

"Zaina!" nikaita. Bondeni hakuitika mtu. Sadiki alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea kisimani.

Mimi nikabaki pale. Nikamshika punda kichwa kwa mikono miwili, na wallahi nilimuuliza, mtu mzima na ndevu zangu, nikamuuliza kama mtu anayetegemea kujibiwa:

"Nafuu, mama yako umemwacha wapi?"